Ghala la Yusufu na Ghala la Mlanguzi: Maadili ya Kujiandaa kwa Msukosuko wa Uchumi

Elimu ya biashara hulichukulia suala la kujiandaa kwa msukosuko wa uchumi kuwa suala la busara tupu: mfanyabiashara anayeweka akiba ya fedha, anayepunguza madeni, anayetafuta wauzaji zaidi ya mmoja na anayejaza ghala mapema huhesabiwa kuwa mwerevu, na yule anayekutwa mikono mitupu huhesabiwa kuwa mzembe. Dini na falsafa zimekuwa zikiuliza swali jingine, la kale kuliko elimu hiyo: aliyejiandaa anawajibika vipi kwa yule ambaye hakujiandaa, au hakuweza kujiandaa, siku ambayo shida imewafika wote wawili na mmoja wao tu ndiye mwenye ufunguo wa ghala? Uzito wa swali hili unatokana na kufanana kwa matendo. Anayeweka akiba kwa ajili ya siku mbaya na anayeficha bidhaa ili siku mbaya imtajirishe hununua wote wawili bidhaa ikiwa rahisi, huifungia ghalani, na huiuza ikiwa ghali. Hoja ya insha hii ni kwamba kinachowatenganisha si wingi wa magunia wala urefu wa muda wa kuyahifadhi, bali ni uhusiano wa kila mmoja na mwisho wa shida: kama anautaka mwisho huo au anauogopa, kama anautangaza au anauficha, na kama, akiwa na uwezo, anauharakisha au anauchelewesha.

Thamani ya maandalizi yenyewe haibishaniwi. Mwaka 2010 Ranjay Gulati, Nitin Nohria na Franz Wohlgezogen walichapisha utafiti wa kampuni 4,700 zilizopitia midororo mitatu ya uchumi, ya 1980–1982, 1990–1991 na 2000–2002, mdororo ukiwa na maana ya kipindi ambacho uzalishaji na mauzo ya nchi nzima hupungua kwa miezi mingi mfululizo. Asilimia 17 ya kampuni hizo hazikunusurika, na takriban asilimia 9 tu zilitoka zikiwa na nguvu kuliko zilivyoingia na zikiwazidi washindani wao kwa mbali. Zilizofaulu zaidi hazikuwa zile zilizokata gharama kwa haraka kuliko wenzao, bali zile zilizobana matumizi kwa kurekebisha utendaji huku zikiendelea kuwekeza. Na miongoni mwa hizo ni asilimia 23 zilizopunguza wafanyakazi, ikilinganishwa na asilimia 56 ya kampuni zilizojikita katika kujilinda peke yake. Toyota, iliyojulikana duniani kwa utaratibu wa kupokea vipuri saa ile ile vinapohitajika bila kuviweka ghalani, ilijifunza kutokana na tetemeko la 11 Machi 2011 nchini Japani na kuwataka wauzaji wake wahifadhi akiba ya chipu, yaani vile vijisahani vidogo vinavyoendesha mitambo ya kielektroniki. Uhaba wa chipu ulipoikumba dunia kuanzia mwishoni mwa 2020, kampuni hiyo ilistahimili kwa muda mrefu kuliko wengi wa washindani wake, ingawa Septemba 2021 nayo ililazimika kupunguza uzalishaji. Mifano ya namna hii huonyesha ni nani aliyepona na kwa njia gani. Haionyeshi aliyepona alipona kwa gharama ya nani, na hapo ndipo uchunguzi wa kimaadili unapoanzia.

Simulizi ya Nabii Yusufu, ambayo Wayahudi, Wakristo na Waislamu wote wanaitambua kuwa yao, ndiyo chimbuko la fikra nyingi za kidini kuhusu maandalizi. Katika sura ya 12 ya Qurani, inayobeba jina lake, na katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 41, mfalme wa Misri anaota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda, na Yusufu, mfungwa aliyesahauliwa, anaifasiri ndoto hiyo kuwa miaka saba ya neema itakayofuatwa na miaka saba ya njaa. Tafsiri yake haiishii kwenye utabiri, kwani papo hapo inageuka kuwa mpango: Qurani inaeleza kwamba nafaka iachwe katika masuke yake isipokuwa kiasi kidogo cha kula, na Mwanzo inataja kutenga sehemu moja ya tano ya mavuno. Yusufu anaomba mwenyewe akabidhiwe hazina za nchi, na sifa mbili anazozitaja ni utunzaji wa amana na ujuzi, kana kwamba moja bila nyingine isingetosha. Mtunzaji asiye na ujuzi angeiacha nafaka ioze, na mjuzi asiye mwaminifu angeigeuza mtaji wake. Linalohusu zaidi hoja ya insha hii ni kwamba katika masimulizi ya Qurani mtazamo wa Yusufu unavuka njaa yenyewe: baada ya ile miaka saba ya dhiki anautaja mwaka ambao watu watapata mvua na kukamua matunda yao. Mpango wake unaujumuisha mwisho wa shida tangu siku ya kwanza, na ghala lake limejengwa kuwafikisha watu kwenye mwisho huo.

Kitabu cha Mwanzo, hata hivyo, kina sehemu ambayo Qurani haina, nayo inamfikirisha kila anayeitumia simulizi hii kuyasifu maandalizi bila masharti. Katika mlango wa 47, njaa inapozidi, Yusufu anawauzia Wamisri nafaka mpaka fedha zao zinakwisha, kisha anapokea mifugo yao, kisha mashamba yao na wao wenyewe, hata nchi yote isipokuwa ardhi ya makuhani inakuwa mali ya Farao, na watu wanabaki kuilima kwa sharti la kutoa sehemu ya tano ya mavuno kila mwaka. Andiko linaeleza kwamba watu walimshukuru kwa kuwaokoa roho zao, na wapo wafasiri waliouona mpango huo kuwa wa haki kwa vipimo vya zama zake, kwa kuwa sehemu nne za mavuno zilibaki kwa mkulima. Hata hivyo, msomaji hawezi kukwepa jambo ambalo andiko lenyewe halilifichi: maandalizi halali kabisa, yaliyofanywa na mtu mwadilifu na yaliyookoa maisha ya watu wengi, yalimalizika kwa kuihamisha ardhi ya taifa zima mikononi mwa mwenye ghala. Njaa ilikwisha, lakini uhusiano uliozaliwa na njaa haukwisha. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama chakula kilitolewa. Ni lazima pia kuuliza kilitolewa kwa kubadilishana na kitu gani, na kama kitu hicho kinaweza kurudi kwa mwenyewe baada ya dhiki kupita.

Katika fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, kuizuia bidhaa sokoni kwa kungoja bei ipande huitwa ihtikari, tendo ambalo katika lugha ya kila siku huitwa kuhodhi au kuficha bidhaa. Hadithi iliyomo katika mkusanyiko wa Imamu Muslim inamhesabu mwenye kufanya ihtikari kuwa mkosaji, ilhali hadithi nyingine inayotegemewa inaeleza kwamba Mtume Muhammad mwenyewe alikuwa akiiwekea familia yake chakula cha mwaka mzima. Wanazuoni walilazimika kuzisoma hadithi hizo mbili kwa pamoja, na hapo ndipo mipaka ilipoanza kuchorwa. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi katika mwambao wa Afrika Mashariki, yanaiona ihtikari iliyoharamishwa kuwa ni kununua chakula wakati wa ughali na kukizuia ili kiuzwe kwa bei ya juu zaidi, kwa hiyo anayehifadhi mavuno ya shamba lake, au aliyenunua wakati bei ikiwa rahisi, haingii katika katazo hilo. Imamu Malik na Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, waliupanua wigo zaidi ya chakula na kukihusisha kila kitu ambacho kukizuia huwadhuru watu. Mipaka hii miwili, wa wakati wa kununua na wa aina ya bidhaa, ina faida kubwa kwa hakimu na kwa msimamizi wa soko kwa sababu inahusu mambo yanayoonekana. Lakini inamwacha huru mtu aliyenunua mapema kwa bei rahisi huku akiiombea nchi ukame.

Pengo hilo ndilo lililomshughulisha Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 1111, katika sehemu ya kitabu chake Ihya Ulum al-Din inayohusu adabu za kuchuma. Anasimulia habari za mfanyabiashara wa mji wa Wasit, nchini Iraki, aliyepeleka shehena ya ngano Basra na kumwagiza wakala wake aiuze siku ile ile itakapofika. Wafanyabiashara wa huko walimshauri wakala angoje wiki moja tu, naye akangoja, na faida ikawa maradufu. Alipomwandikia tajiri wake kwa furaha, alijibiwa kwamba tajiri huyo alikuwa ameridhika na faida ndogo pamoja na usalama wa dini yake, na akaamrishwa aigawe fedha yote kwa maskini wa Basra, tajiri akitumaini tu kwamba kwa sadaka hiyo ataepuka dhambi bila hata kudai thawabu. Hakuna kadhi ambaye angemhukumu mtu kwa kuchelewa wiki moja. Ghazali anaitumia habari hii kuonyesha daraja ya uchamungu inayopita matakwa ya sheria, na sababu anayoitoa ni ya kisaikolojia zaidi kuliko ya kiuchumi: mtu ambaye riziki yake imefungamana na ughali wa chakula huanza kuyangoja madhara ya wenzake, na kuyangoja madhara, hata yakiwa machanga, ni ugonjwa wa moyo. Kipimo kinachotokana na hoja hiyo ni kumtazama mfanyabiashara anapopata habari kwamba mvua imenyesha au meli imetia nanga. Akifurahi pamoja na mji, ghala lake ni akiba. Akinuna wakati mji unashangilia, ghala lile lile, lenye magunia yale yale, limekwisha kuwa kitu kingine.

Habari ya meli inayokuja ilikuwa imekwisha kujadiliwa na wanafalsafa wa Kirumi na Kiyunani zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Ghazali, ila wao waliijadili kutoka upande wa ukweli badala ya upande wa nia. Marcus Tullius Cicero, katika kitabu cha tatu cha De Officiis alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anamtaja mtu mwema aliyeleta nafaka kutoka Aleksandria hadi kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa, naye anajua kwamba meli nyingine nyingi ziko njiani. Je, awaambie wenyeji, au anyamaze na kuuza kwa bei ya juu kabisa? Diogenes wa Babeli, mmoja wa wakuu wa shule ya Wastoa, aliona kwamba muuzaji analazimika kusema yale tu ambayo sheria ya nchi inamtaka ayaseme, kwa kuwa kunyamaza si sawa na kudanganya. Mwanafunzi wake, Antipater, aliona kwamba binadamu wamefungamana katika ushirika wa kimaumbile, na anayewaficha wenzake jambo ambalo kulijua kungewafaa anauvunja ushirika huo kwa faida yake. Cicero alimuunga mkono Antipater. Katika karne ya 13 Thomas Aquinas alilirudia suala hilo na kufikia uamuzi wa kati: muuzaji hatendi dhuluma akiuza kwa bei iliyopo bila kutaja meli zijazo, kwa kuwa kuja kwake ni jambo la baadaye, lakini angekuwa na fadhila kubwa zaidi kama angelitaja au kama angepunguza bei. Tofauti ya Aquinas kati ya haki inayodaiwa na fadhila inayosifiwa inafanana mno na tofauti aliyoichora Ghazali kati ya hukumu ya kadhi na uchamungu wa mwenye mali.

Pingamizi kubwa dhidi ya mtazamo huu wote linatoka kwa Adam Smith. Katika kitabu chake cha 1776 kuhusu utajiri wa mataifa alidai kwamba mfanyabiashara wa nafaka, hata akiwa hana nia nyingine ila faida, huifanya kazi ambayo nahodha mwenye busara huifanya anapopunguza mgawo wa chakula mapema baada ya kutambua kwamba hakitatosha safari nzima: akipandisha bei mwanzoni mwa uhaba, watu hula kwa uangalifu na akiba hufika mwisho wa msimu, asipofanya hivyo, chakula huisha kabla ya mavuno. Smith aliufananisha woga wa umma dhidi ya wahodhi wa nafaka na woga wa wachawi, kwa maana kwamba wote wawili hutafuta mtu wa kulaumiwa kwa balaa ambalo hakulisababisha. Hoja hii ina nguvu, na mwandishi yeyote wa maadili anayeipuuza ataishia kuyapiga marufuku maghala yenyewe na kuiongeza njaa anayotaka kuipunguza. Gharama ya kuhifadhi ni ya kweli: panya, wadudu, kodi ya jengo, fedha zilizofungwa, na uwezekano wa bei kushuka badala ya kupanda. Anayezibeba gharama hizo anastahili malipo, na bila malipo hayo hakuna ambaye angezibeba.

Lakini hoja ya Smith inasimama juu ya sharti ambalo halitimii kila mara, nalo ni kwamba bei inapopanda kila mtu anapunguza kidogo mlo wake, kama mabaharia wanaogawiwa sawa. Amartya Sen, katika kitabu chake cha 1981 kuhusu umaskini na njaa, alionyesha kwamba njaa ya Bengal ya 1943, iliyoua watu takriban milioni 3, ilitokea katika mwaka ambao chakula kilichokuwapo kilizidi kile cha 1941, mwaka ambao haukuwa na njaa. Wapo waliobishana naye kuhusu takwimu za mavuno, ila msingi wa hoja yake umebaki: matumizi ya vita yaliyaongeza mapato ya watu wa mjini, wafanyabiashara wakaanza kununua na kuhodhi kwa matarajio ya bei kupanda, na vibarua wa mashambani, ambao ujira wao haukupanda, wakajikuta hawana uwezo wa kununua mchele uliokuwapo. Katika hali hiyo bei haikugawa upungufu. Iliwatenga watu wawili, mmoja akabaki na mlo kamili na mwingine akakosa kabisa. Inaelekea, basi, kwamba faida ya mwenye ghala inahalalishwa na huduma ya kuivusha bidhaa kutoka wakati wa wingi hadi wakati wa uhaba, na uhalali huo hukoma pale ambapo kuizuia kwake ndiko kunakoutengeneza uhaba anaolipwa kwa kuuvusha.

Je, mamlaka ifanye nini na mtu wa namna hiyo? Mapokeo ya Kiislamu yanaonyesha tahadhari katika pande zote mbili. Watu wa Madina walipomwomba Mtume awapangie bei baada ya vitu kupanda, alikataa, akieleza kwamba bei zimo mikononi mwa Mwenyezi Mungu na kwamba hataki kukutana naye akiwa anadaiwa dhuluma na mtu yeyote. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alilisoma katazo hilo kuwa linahusu soko ambalo bei imepanda kwa sababu za kimaumbile, kama vile upungufu wa bidhaa au wingi wa wanunuzi. Lakini mtu anayezuia chakula ambacho watu wanakihitaji kwa dharura anaweza kulazimishwa akiuze kwa thamani ya mfano, yaani bei ambayo bidhaa kama hiyo ingeuzwa katika soko la kawaida. Katika mtazamo huu mamlaka haimnyang'anyi mwenye ghala mali yake wala haimnyimi faida, bali inamwondolea kitu kimoja tu, nacho ni uwezo wa kuamua shida iendelee mpaka lini.

Tanzania ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 inaonyesha jinsi ilivyo vigumu kuutekeleza mtazamo huo. Kupanda kwa bei ya mafuta ya petroli mwaka 1973 na tena 1979, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita vya Kagera vya 1978–1979 na upungufu wa fedha za kigeni viliviacha viwanda bila malighafi wala vipuri, na sabuni, sukari, mafuta ya kula na nguo zikaadimika madukani. Bei rasmi zilipangwa na serikali, na bidhaa iliyokosekana kwa bei rasmi ilipatikana kwa magendo kwa bei ya mara kadhaa. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine aliiongoza kampeni dhidi ya walioitwa wahujumu uchumi, chini ya sheria iliyoanzisha baraza maalumu la kuwahukumu, na ambayo mwanzoni haikuwapa watuhumiwa dhamana wala wakili. Hasira ya wananchi ilikuwa na msingi, kwa kuwa walanguzi walikuwapo kweli na mama aliyepanga foleni tangu alfajiri alijua bidhaa zilikopitia. Heshima ambayo Sokoine ameendelea kuwa nayo katika kumbukumbu za Watanzania wengi inatokana kwa sehemu kubwa na hatua hiyo. Hata hivyo, polisi anayeingia ghalani huona magunia na haoni nia, kwa hiyo mwenye akiba ya halali na mlanguzi walijikuta wakiogopa mlango mmoja, na wapo waliozitupa bidhaa zao ili wasikutwe nazo, jambo lililougeuza uhaba kuwa hasara tupu. Mwaka 1984 sheria hiyo ilibadilishwa, na bajeti ya mwaka huo ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata. Rafu za maduka zikaanza kujaa. Funzo lake haliishii kwenye kusema kwamba soko lilikuwa sahihi na dola ilikosea. Bei rasmi iliyokuwa chini mno kuliko thamani ya bidhaa ilikuwa yenyewe ikimlipa anayeficha, na mfumo unaomlipa mtu kwa kosa kisha ukamfunga kwa kulitenda unayageuza maadili kuwa bahati nasibu.

Tukio la karibu zaidi lilionyesha njia ya wastani. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya, mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo iliagiza duka kubwa moja liwarejeshee wateja fedha walizotozwa kupita kiasi kwa vitakasa mikono. Hakuna aliyefungwa wala ghala lililovunjwa. Ziada tu ndiyo iliyorudishwa kwa aliyeitoa, katika bidhaa ambayo Imamu Malik angeihesabu kuwa ya lazima ingawa si chakula.

Ugumu mkubwa zaidi, hata hivyo, hauko kwa mlanguzi wa wazi, bali katika ukweli kwamba uwezo wa kujiandaa haukugawanywa sawa. Mkulima mdogo wa Kagera anayehitaji karo ya shule kabla ya msimu huuza kahawa yake ikiwa bado maua, kwa mtindo unaojulikana huko kama butura, na mwenzake wa Mtwara au Lindi huuza korosho kwa kangomba, yaani kwa mnunuzi wa kienyeji anayetoa fedha mapema kwa bei ya chini mno. Mnunuzi huyo ana haki ya kusema kwamba hakumlazimisha mtu na kwamba fedha yake iliitatua shida ya kweli. Lakini uhusiano wenyewe ni ule wa mlango wa 47 wa Mwanzo, ambapo dhiki ya msimu mmoja inalipwa kwa mavuno ya msimu ujao, na mkulima anaingia katika msimu huo akiwa hana cha kuweka akiba, hivyo anauza tena kabla ya wakati. Kumlaumu kwa kutojiandaa ni kumlaumu kwa kutokuwa na kile ambacho aliyejiandaa amekichukua. Ndiyo maana mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria Tanzania mwaka 2005, una maana ya kimaadili kupita utaratibu wake wa kibiashara: mkulima anayeikabidhi bidhaa yake ghalani na kupewa hati inayoweza kumdhamini kwa mkopo anapewa nafasi ya kungoja bei nzuri, nafasi ambayo kabla yake ilikuwa ya tajiri peke yake. Utekelezaji wake umekuwa na malalamiko, hasa ya malipo kuchelewa na makato kuwa mengi, na kila malipo yanapochelewa kangomba hurudi. Jambo hilo linathibitisha kwamba ghala la pamoja nalo hupimwa kwa kasi ya kuwafikishia wenye mali haki yao.

Kipimo hicho hicho kinazihusu mali nyingine ambazo biashara huzihodhi wakati wa msukosuko, hata kama hazikai kwenye magunia. Mkopeshaji aliyejiandaa vizuri anaweza kuingoja siku ambayo mdaiwa atashindwa ili achukue rehani yenye thamani kuliko deni. Qurani, katika sura ya pili, inaagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate nafuu, na inauhesabu msamaha kuwa bora zaidi, hivyo inamtaka mkopeshaji auelekeze uso wake kwenye mwisho wa dhiki ya mwenzake. Mwajiri mwenye akiba ya fedha anaweza kuutumia woga wa ukosefu wa kazi ili ashushe ujira na kuubakiza huko chini hata baada ya mauzo kurudi. Kampuni kubwa inaweza kuuza chini ya gharama kwa miezi michache, si ili wateja wapumue, bali ili washindani wasio na akiba wafe na soko libaki mikononi mwake. Katika kila mfano maandalizi yalikuwa halali na hatua yenyewe pengine haivunji sheria yoyote. Kilichoharibika ni kwamba aliyejiandaa amepata sababu ya kuitaka shida idumu, au ya kuyafanya matokeo yake yadumu baada yake.

Inaweza kusemwa kwamba nia ni jambo la siri, na kwamba maadili yanayoegemea kwenye nia hayawezi kuisaidia jamii inayohitaji unga leo. Pingamizi hilo ni sahihi kwa upande wa mahakama, na uzoefu wa 1983 unalipa uzito. Lakini uhusiano wa mfanyabiashara na mwisho wa shida haubaki siri kwa muda mrefu, kwa kuwa unajitokeza katika maamuzi ambayo yanaweza kuandikwa kabla ya msukosuko kufika: kwa kiwango gani cha uhaba ghala litafunguliwa, faida itakayotozwa itahesabiwa kutokana na gharama au kutokana na dhiki ya mnunuzi, wateja wataelezwa nini kuhusu bidhaa zilizo njiani, mdaiwa atapewa muda gani, na ujira uliopunguzwa utarudishwa lini. Biashara inayoyaamua mambo haya wakati wa neema inaamua ikiwa na akili tulivu na bila ya kushawishiwa na bei za siku. Inayoyaacha yaamuliwe na msukosuko wenyewe imekwisha kuamua kwamba itamfuata yule wakala wa Basra na marafiki zake. Mpango wa maandalizi unaoeleza kwa ukamilifu jinsi ya kulijaza ghala na usioeleza lolote kuhusu kulifungua haujakamilika kibiashara wala kidini, na anayeusifu kuwa ni busara amesifu nusu yake iliyo rahisi.